Nilichomwambia Mungu Mbele ya Kamati

Moraa mwanangu,

Nywila ya fomu yako ya chuo haikupotea. Ilikuwa ndani ya Biblia yangu, katikati ya Zaburi, siku zote nne.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimu mpaka ukurasa uishe, nitauliza hali ya nyanya yako ambaye wewe mwenyewe umetoka kumwona jana, kisha nitafunga kwa maombi, na kesho utaondoka ukiwa hujui lolote. Basi limeshatoka. Sasa naweza kupumua. Hujambo?

Ni Jumapili alasiri. Wewe na mama yako mko chumbani na lile sanduku la bati, nawasikia hadi hapa mezani. Yeye anataka ubebe sufuria mbili, wewe unasema moja inatosha, na mimi ninayemjua nadhani utabeba tatu. Mambo ya sufuria, blanketi na nani wa kumpigia simu ukifika nimemwachia yeye. Mimi nina hili moja tu. Tena naliandika kwa Kiswahili, lugha niliyofundisha darasa la sita mpaka nikastaafu, kwa sababu humu ndani tunaongea Ekegusii, na nikijaribu kuungama kwa Ekegusii nitalia kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Kwa Kiswahili naweza kujifanya nasahihisha insha ya mtu mwingine.

Kinachoniuma hasa si kwamba nilikudanganya. Kinachoniuma ni kwamba ulinishukuru. Ulisimama kanisani mchana wa Sabato, kwenye kipindi cha vijana, ukashuhudia kwamba Tata, yaani mimi baba yako, alitafuta nywila siku nne bila kuchoka na Mungu akamwonyesha ilipo. Kanisa zima likasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wazee wa kanisa, na mzee aliye karibu yangu akanipiga kiwiko cha mbavu, cha pongezi. Nikatabasamu! Haki, Moraa, nilitabasamu. Kila nikikumbuka lile tabasamu masikio yanapata moto.

Hebu nikueleze nilifikaje pale, maana huwezi kumsamehe mtu ambaye humwelewi, au tuseme unaweza, lakini ni kazi ngumu.

Unajua jinsi ninavyopenda vyuo vya Kikristo. Kila mtu kutoka Sironga hadi mjini Nyamira anajua, na wengine wakiniona nakuja na mkoba wanavuka barabara. Lakini sijawahi kukuambia kwa nini. Umezoea kunisikia nikisema vinajenga maadili, maneno ambayo hata mimi nikiyasikia yananipa usingizi. Ukweli ni kwamba nilipokuwa chuo cha ualimu, chuo cha kanisa, niliiba mtihani. Ndiyo, mimi, Mwalimu Ondieki, niliyewachapa watoto wa watu kwa kuchungulia. Niliandika majibu ya hesabu kwenye mkono, chini ya shati, halafu jasho likaja, likachanganya yote, nikawa nanakili vitu visivyosomeka. Mkufunzi wetu mmoja mzee alinishika mkono, akausoma taratibu kama mtu anayesoma gazeti, akasema, "Hata hili jibu la tatu si sahihi."

Nilijua nafukuzwa. Baba yangu aliuza ng'ombe anisomeshe, na mimi nilikuwa tayari natunga uongo wa kumwambia. Yule mzee hakunifukuza. Alinipa jembe. Muhula mzima kila jioni tulilima pamoja bustani ya sukuma wiki ya chuo, yeye na mimi, na katika muhula huo aliniuliza swali moja tu, nalo aliniuliza mara nyingi: "Wewe Ondieki, unataka kuwa mtu gani?" Kisha ananyamaza. Ananyamaza kabisa! Nikijibu upuuzi anaendelea kulima. Ilinichukua karibu muhula wote kupata jibu ambalo si upuuzi, na jibu hilo ndilo lililonifanya mwalimu.

Sisemi vyuo vingine havina watu wema. Wapo. Lakini yule mzee alikuwa pale kwa sababu aliamini mimi nina roho na si namba ya mtihani peke yake, na chuo kilimruhusu kuamini hivyo saa za kazi. Basi niliposikia kuna pendekezo kwamba msaada wa serikali kwa wanafunzi uende vyuo vya umma tu, na anayetaka chuo cha kanisa ajitegemee, damu ilinichemka. Nilimwona mtoto fulani wa mkulima wa chai, mjinga kama nilivyokuwa, akikosa yule mzee na lile jembe. Mwaka wenu msaada bado unafika huko, lakini wanaokuja nyuma yenu hatujui. Hapo nilikuwa sahihi, na hata leo nasimama hapo hapo. Usije ukafikiri kwa sababu nimekosea kwako basi nimekosea kwa kila kitu. Mama yako atajaribu hoja hiyo nikimsomea haya, na nitaikataa.

Kosa langu lilianza nilipounda kamati. Mimi kwa upande wa Wasabato, na kwa upande wa Wakatoliki rafiki yangu Katekista Matundura, yule mwenye duka la misumari na mabati kule Nyakoe. Unakumbuka tulivyohangaika kupata siku ya kukutana? Jumamosi mimi siwezi. Jumapili yeye hawezi. Ijumaa jioni jua likishuka mimi nimekwisha ingia Sabato. Alhamisi ni siku ya soko lake. Na tulipopata Jumanne, vita vikawa vya kinywaji. Mama yako akaleta soya. Katekista akakitazama kikombe, akatazama nje dirishani, ambapo chai yetu imejaa mteremko mzima hadi mtoni, akasema, "Mwalimu, nyinyi munalima hii kitu, munachuna, munauza, na kuikunywa hamutaki. Sasa serikali itatuamini aje?" Nilimweleza habari ya afya na dhamiri. Akasema sawa, ila mkutano ujao ufanyike kwake.

Pamoja na hayo tulielewana, tukakubali neno moja, na neno hilo mimi ndiye niliyelipendekeza, kwa ukarimu mwingi: "chochote." Tusitetee chuo changu wala chako. Tuseme mzazi na mtoto wawe huru kuchagua chuo cha Kikristo, chochote kile. Katekista alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile.

Sasa sikiliza. Wiki hiyo hiyo ya ukarimu ndiyo niliyokwenda kwa Bosire, kwenye duka lake la kompyuta, kukujazia fomu yako ya vyuo. Ulikuwa kwa nyanya yako ukimuuguza. Uliniandikia karatasi vizuri kabisa: elimu ya watoto viziwi. Ulisema unataka kujua jinsi ya kumfundisha mtoto kama Nyaboke, yule msichana wa darasa lako la Shule ya Sabato ambaye huimba kwa mikono kwa sababu wewe ulimbunia ishara, nusu yake ukiwa umezitoa kichwani. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaipapasa. Bosire akauliza, "Chaguo la kwanza, Mwalimu?" Nikasema uuguzi, chuo chetu. La pili? Uuguzi, chuo chetu. La tatu? Bosire akageuka kunitazama. Nikamwambia aandike.

Uuguzi! Wewe ambaye mama yako akishika kuku, unakumbuka ghafla una jambo la kufanya kwa jirani. Ukiniuliza niliwaza nini, niliwaza picha. Nilikuona na sare nyeupe mbele ya kanisa letu, mchungaji akisema huyu ni binti wa Mzee Ondieki, amesoma chuo chetu. Katika picha hiyo hukuwa unasema chochote. Ulikuwa unapendeza tu.

Siku ya kikao cha maoni ya wananchi juu ya lile pendekezo, mjini Nyamira, ulinipigia pasi koti. Sikujua mfukoni kulikuwa na ile risiti ya Bosire yenye machaguo yako. Wewe ulijua, kwa sababu uliitoa, ukaisoma, ukabaki nayo, ukanipa koti, ukasema, "Nakuja na wewe, Tata." Mimi nikafurahi kwamba kijana wangu anapenda mambo ya sera.

Yaliyofuata uliyaona, lakini uliyaona ukiwa upande wako wa ukumbi. Nikuambie yalivyokuwa upande wangu.

Nilikuwa na waraka wa kurasa kumi na nne. Nilikuwa nimeusoma mbele ya ng'ombe mara tatu. Halafu yule mama mwenyekiti akatangaza kwamba kila mtu ana dakika mbili, na karani ana kengele. Dakika mbili! Nilipopewa kipaza sauti nilitaka kuanza na hoja, wallahi ningekuwa Mwislamu ningeapa, lakini mdomo ukaenda wenyewe kwenye itifaki. Nikamtambua mwenyekiti. Nikawatambua wanakamati mmoja mmoja. Nikamtambua chifu na naibu wake. Nikawatambua wachungaji, nikaona Katekista ananitazama, nikawatambua mapadri ambao hawakuwepo. Nikawatambua akina mama, vijana, na walimu wenzangu waliostaafu. Nilikuwa ndio kwanza nawatambua watu waliokaa nyuma kengele ikalia. Nikasema, "Baada ya kusema hayo machache," ukumbi wote ukacheka, na karani akaandika kwenye daftari lake: Mzee Ondieki, anawasalimu.

Nilikaa chini nimeloa jasho. Kurasa kumi na nne mapajani, zimenyooka, hata moja haijafunguliwa.

Katekista aliongea vizuri, kwa dakika moja na nusu, akabakisha nusu dakika ambayo niliitamani kama chakula. Wengine wakaongea. Kisha mwenyekiti akasema tungependa mzee mmoja wa kanisa atufungie kwa maombi, na macho yakanijia mimi, nadhani kwa huruma.

Moraa, shetani hakuhitaji kunisukuma. Nilikwenda mwenyewe, na waraka mkononi.

Nilianza kwa heshima. "Baba yetu uliye mbinguni, tunakushukuru kwa siku hii." Watu wakafumba macho. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu anayeomba hapigiwi kengele. Hakuna karani wa Nyamira atakayethubutu. Nikasema, "Ee Bwana, wewe unayejua yote, unajua kwamba katika ukurasa wa pili wa waraka huu, ibara ya kwanza, tunaeleza historia ya vyuo vya makanisa." Kisha nikaendelea kumkumbusha Bwana. Nilimkumbusha ukurasa wa pili, wa tatu, wa tano. Nilimwambia aguse mioyo ya kamati hii, hasa kuhusu hoja iliyoko ukurasa wa tisa. Nikasikia mtu anaguna. Nikasikia Katekista anakohoa kile kikohozi chake cha kuonya wanakwaya. Mtoto mchanga alianza kulia, akanyamazishwa, akalala, akaamka. Mimi naomba tu. Nikafika kileleni, nikapaza sauti: "Bwana, wewe ulimpa mwanadamu hiari! Basi mtoto wa Kenya aachwe achague mwenyewe chuo cha Kikristo, chochote kile, asichaguliwe na serikali, asichaguliwe na mtu yeyote!"

Nikafungua jicho moja nione imepokelewaje. Ukumbi mzima umeinamisha vichwa. Watu wote macho wamefumba, isipokuwa wewe. Ulikuwa umesimama kando ya nguzo, macho wazi, umeshika ile risiti kifuani kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo.

Amina yangu ilitoka haraka mno. Watu walidhani nimeguswa na Roho.

Nilipomwendea karani kumpa waraka, kwa ushujaa uliobaki, nilimwomba angalau aandike hoja nilizozitaja. Akaniambia kwa adabu, "Mzee, maombi hatuyaingizi kwenye ripoti. Hayo yameenda moja kwa moja juu." Kwa hiyo kule juu waraka wangu wanao. Hapa chini hawana.

Tulipokuwa tunarudi hukunikaripia. Ningependa ungenikaripia. Wewe una jina la mama yangu, na mama yangu alikuwa akinyamaza hivyo hivyo, mpaka mtu unaanza kukiri hata ambayo hujafanya. Tulipofika pale kwenye kituo cha kununulia majani chai ulisema tu, "Tata, umemwambia Mungu 'chochote kile.' Nilikuwa pale, nikasikia." Kisha ukaomba nywila ya fomu yako, kwa sababu dirisha la kubadilisha machaguo lingefungwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikasema nimeisahau.

Ilitoka bila kufikiri, kama vile itifaki. Nikasema itabidi niitafute. Usiku huo nilimpigia Bosire nikamwambia ukija kwake aseme hata yeye hakuiandika mahali. Na ile karatasi aliyoniandikia kwa herufi kubwa nikaisukuma katikati ya Zaburi. Jumanne ukanisaidia kutafuta. Jumatano ukapekua mkoba wangu wote, madaftari ya zamani, hata kopo la mbegu. Ukawa unanifariji! "Usijali, Tata, itapatikana." Na mimi nazunguka nyumba nikiinua vitu na kuvirudisha, nikijisemea kwamba sidanganyi kwa faida yangu, nailinda imani yako. Alhamisi mama yako aliniuliza kwa nini wiki hii sisomi Biblia. Nikasema macho yananisumbua.

Ijumaa saa kumi Bosire alikuja hapa, amevaa tayari shati la Sabato. Hakukaa. Alisema, "Mwalimu, wewe ulinifundisha mimi darasa la sita na ninakuheshimu. Lakini jua likizama naingia Sabato, na sitaingia na uongo wako. Huu ni wako. Uchukue." Kisha akashika njia. Kijana niliyemfundisha kutofautisha nomino na kitenzi! Nikabaki nimesimama mlangoni. Nilihesabu: jua lina saa mbili. Nikinyamaza saa mbili tu, Sabato inaingia, na najua hutagusa fomu ndani ya Sabato kwa sababu mimi ndiye niliyekulea hivyo. Uchaji wako ungenifungia mlango, na mimi nisionekane nimefunga. Nilifikiria hilo, Moraa. Nilikaa kitini na kulifikiria kabisa, na lilikuwa tamu.

Halafu nikamkumbuka yule mzee na jembe lake, jinsi alivyokuwa akiuliza na kunyamaza. Vyote alivyonipa nilivibeba vizuri miaka yote hii, nikavitangaza, nikaviandikia kurasa kumi na nne. Kile kimoja cha kunyamaza baada ya kuuliza nilikiacha bustanini. Na kwako hata kuuliza sikuuliza.

Nikafungua Zaburi. Nilikimbia na kandambili hadi chini kwenye chai ulikokuwa unachuna, nikaanguka mara moja, ile michubuko niliyosema ni ya ng'ombe. Nikakupa karatasi. Ningeweza kukuambia pale pale. Nilifungua mdomo nikuambie, na mdomo ukasema, "Nimeipata." Ukanikumbatia na kikapu mgongoni. Ukatoa simu, ukasimama kati ya mistari ya chai, ukabonyeza, ukabonyeza, na ulipomaliza jua lilikuwa bado liko juu ya miti kidogo. Ukanionyesha.

Elimu ya watoto viziwi. Chuo kikuu cha Wakatoliki.

Lo! Nilijikaza, si nilijikaza? Niambie ukweli. Nilisema "Vizuri" na nadhani sauti haikutetemeka sana. Lakini ndani nilikuwa naulizana na neno langu. Kumbe mimi nikisema "chochote" nilikuwa namaanisha chetu, na chochote kingine kwa ajili ya watoto wa watu wengine. Wewe peke yako katika ukumbi ule wote ndiye uliyeichukua hotuba yangu kama ilivyo. Ulitafuta chuo cha Kikristo chenye somo lako, ukakipata, ukakichagua. Ulinitii kuliko nilivyotaka kutiiwa.

Barua ya kukuita chuoni ilipofika na Katekista akapata habari, alifunga duka, akaja na mkungu mzima wa ndizi begani akiimba. Akaniambia, "Mwalimu, sasa mimi naona wewe ni mtu wa neno lake." Nikala ndizi zake kwa aibu. Wazee wenzangu kanisani nao wananiuliza nilikuwa napigania vyuo vya nani. Mmoja amesema nikitaka anaweza kuniletea rozari. Najibu kwamba napigania vyuo vya Kikristo, na nimegundua kwamba sasa ndipo nikisema hivyo nasema kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nikijipigia debe.

Kule uendako wataabudu Jumapili, na Sabato yako utaitunza au hutaitunza bila mimi kuchungulia. Nilikuwa nimeandika hapa aya nzima juu ya jambo hilo. Nimeifuta. Ulimfundisha Nyaboke kuimba bila mtu kukutuma, basi najua una Mungu wako na mnaelewana.

Sasa lililobaki ndilo lililonikalisha hapa.

Jumatano ijayo kuna kikao kingine, mbele ya kamati kubwa zaidi, ya bunge. Katekista amewasimulia waandalizi ushuhuda wako, na wameupenda. Wamenipangia nafasi, tena dakika tano, nieleze jinsi mzazi alivyohangaika siku nne ili mwanawe achague chuo cha Kikristo kwa hiari yake. Kila mtu anasema hadithi hiyo itawagusa wabunge kuliko hoja zote. Inaweza kusaidia watoto wa hapa wengi. Na ni uongo.

Ile ya kweli nafikiri ni nzuri zaidi. Mzee anayepiga kelele kwamba serikali isimchagulie mtoto, naye amemchagulia binti yake mara tatu na kuficha karatasi ndani ya Zaburi. Wakiisikia hiyo wataelewa kwamba hatuombi msaada uje kwa ajili ya wazee kama mimi, tunauomba kwa ajili ya mtoto, umfuate anakokwenda. Niko tayari kuaibika. Aibu nimeizoea sasa, karani ananijua.

Lakini hadithi hiyo si yangu peke yangu. Jina lako limo, na fomu yako, na zile siku nne ulizonifariji bure. Nikiisimulia bila ruhusa yako nitakuwa nimekusimamisha tena mbele ya watu na sare niliyoishona mimi. Mama yako, ambaye ametoka huko chumbani nikamsomea barua hii kwa sauti ya chini muda huu huu, naye akaichukua Biblia yangu na kuikung'uta nje, anasema niulize vizuri. Basi nauliza: nikiwaeleza ukweli huu, unakubali au hukubali?

Usijibu leo kwa kunihurumia. Kasirika kwanza, una haki. Fika huko, tandika kitanda chako, lala. Ukikataa, Jumatano nitasimama, nitaje jina langu, niseme naunga mkono vyuo vya makanisa, nikae chini. Ule uongo wa siku nne sitausema, wala sitamwachia mtu mwingine ausemee kwangu, na hakuna atakayenipa maombi ya kufunga. Mama yako amesema itakuwa hotuba yangu fupi kuliko zote na kwa hiyo atakuja kuisikiliza.

Jibu lolote utakalotoa ndilo nitakalofanya. Nimekuuliza, Moraa. Sasa nanyamaza.

Tata yako,
Ondieki